Kanuni si Nadharia Iliyokomaa

Wanafunzi wengi huamini kwamba wazo la kisayansi hupanda ngazi: huanza kama nadharia tete, likipata ushahidi huwa nadharia, na likithibitika kabisa huitwa kanuni. Ngazi hiyo haipo. Kanuni na nadharia zina kazi mbili tofauti, na hakuna nadharia inayongoja kupandishwa cheo iwe kanuni.

Kanuni ya kisayansi ni kauli fupi, mara nyingi ya kihisabati, inayotaja uhusiano unaojirudia katika maumbile. Nadharia ya kisayansi ni maelezo mapana, yaliyopimwa kwa ushahidi, yanayosema kwa nini uhusiano huo upo.

Tutazame hewa. Mwaka 1662 Robert Boyle wa Uingereza alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mrija wa kioo uliopinda kama herufi J. Hewa ilifungiwa katika upande mfupi, naye akamimina zebaki katika upande mrefu. Kanieneo, yaani msukumo juu ya kila kipande cha eneo, ilipofika mara mbili, ujazo wa hewa ulibaki nusu. Hiyo ndiyo Kanuni ya Boyle: halijoto isipobadilika, ukizidisha kanieneo ya gesi kwa ujazo wake, jibu ni lilelile. Ziba kwa kidole tundu la bomba la sindano, kisha sukuma: kanuni itakwambia hewa itakusukuma kwa kiasi gani. Kwa nini ikusukume, haisemi.

Jibu lilikuja kwa njia ya nadharia. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alieleza kwamba gesi ni chembe ndogo mno ziendazo kasi na kugonga kuta za chombo, na kanieneo ni matokeo ya mapigo hayo. Nafasi ikipungua nusu, kuta hupigwa mara mbili ya awali. Katika karne ya 19 James Clerk Maxwell na Ludwig Boltzmann waliyajenga maelezo hayo kihisabati, tukapata nadharia ya mwendo wa molekuli. Nadharia hiyo haikugeuka kanuni. Iliipa Kanuni ya Boyle sababu yake.

Tena iliionyesha mipaka yake. Gesi ikibanwa sana, vipimo huanza kuachana na Kanuni ya Boyle. Mwaka 1873 Johannes van der Waals wa Uholanzi alieleza chanzo: molekuli zenyewe zinachukua nafasi, na zinavutana. Basi kanuni inaweza kuwa sahihi mahali fulani tu, na nadharia ndiyo inayotwambia mahali hapo panaishia wapi.

Kwa Kiswahili, vitabu vingine huandika “sheria” pale ninapopendelea “kanuni”. Sheria hutungwa, huvunjwa na hufutwa, na anayeivunja hupewa adhabu. Jiwe linaloanguka halimtii mtu yeyote. Kanuni, neno lililotufikia kupitia Kiarabu na lenye asili ya Kigiriki ya fimbo ya kupimia, linabeba vizuri zaidi maana ya kipimo na utaratibu. Ndilo pia tunalolitumia darasani tunapotafuta eneo la duara.

Neno “nadharia” lina mzigo mwingine. Shuleni tumezoea kulitenganisha na vitendo, hata “hayo ni ya nadharia tu” ikawa namna ya kupuuza jambo. Ndiyo maana mtu akisikia nadharia ya mageuko ya viumbe hudhani ni wazo lisilo na uthibitisho. Lakini nadharia ya vijidudu vya maradhi, waliyoiimarisha Louis Pasteur na Robert Koch, ndiyo sababu daktari husafisha mikono na vifaa kabla ya upasuaji. Kiswahili tayari kimelipa shaka mahali pake: ni katika sifa “tete”. Wazo linalosubiri kupimwa tuliite nadharia tete, na “nadharia” peke yake ibaki na heshima ya maelezo yaliyokwisha kupimwa.

Hivyo mwanafunzi akikutana na kanuni, aulize inaunganisha vipimo gani na ndani ya mipaka ipi. Akikutana na nadharia, aulize inaeleza nini, na ushahidi wake ni upi.