Machungwa ya Malindi, Wanawake wa Bombay na Kopo la Vitamini Mkobani Mwako



Juzi mteja wangu alikuja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake. Akafungua mkoba, akatoa kopo la vitamini alilolinunua kwa bei kubwa, akaniuliza, "Dada, na mimi nimeze? Wenzangu wote wanameza." Nikamwuliza, "Unapungukiwa nini?" Hakujua.

Sikumcheka. Mimba yangu ya kwanza vile vidonge vya damu vya kliniki vilinichefua, nikavificha kabatini, nikanunua vitamini za kutafuna zenye rangi kama peremende. Mimba ilipofika miezi saba nikapimwa, damu ikawa 8. Nesi alisoma lile kopo langu pande zote: halikuwa na madini ya chuma hata chembe. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za vitamini, na nimegundua historia yake inapita mpaka kwetu.

Tuanze na pwani yetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alivuka kutoka Malindi kwenda India. Wakati wa kurudi bahari ilimshika karibu miezi mitatu. Mabaharia wakavimba ufizi na miguu, na watu wapatao 30 wakafariki njiani. Walipofika Malindi Januari 1499, mtu aliyetumwa nchi kavu aliagizwa alete machungwa, maana wagonjwa waliyatamani sana. Waliobaki walikuwa wachache hata chombo kimoja wakakichoma moto kwa kukosa watu wa kukiendesha.

Ndani ya chungwa mna nini, hawakujua. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huo, akawagawa wawili wawili, kila wawili na dawa yao. Waliokula machungwa na malimau walipona upesi kuliko wote. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka 40 ndipo jeshi la majini likaanza kuwagawia mabaharia maji ya limau.

Baadaye, katika kisiwa cha Java, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda wakapata nafuu. Neno lenyewe "vitamini" lilitokana na jina alilolibuni Casimir Funk mwaka 1912.

Sasa nije kwa mwanamke ninayempenda katika historia hii. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay. Wanawake wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wanaishiwa damu, na wengine wanakufa. Mimi ninayekula kwa cherehani nilipofika hapo nilisimama kidogo. Wills hakukimbilia dawa. Aliuliza kwanza: hawa wanakula nini? Akakuta walioumia zaidi ni Waislamu maskini, ambao chakula chao kilikuwa duni kuliko cha wengine, mboga na matunda hawapati. Akajaribu kuwapa Marmite, uji mzito mweusi wa hamira, kitu cha bei rahisi. Damu ikapanda. Matokeo aliyachapisha mwaka 1931.

Mwaka 1941 wanasayansi walikitenga kitu cha namna hiyo kutoka kwenye majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, wakiimeza kabla ya kushika mimba, hatari ya kurudia inapungua kwa asilimia 72.

Ukiishia hapo utasema basi tumeze sote. Lakini sura nyingine iliandikwa kwa ndugu zetu wa Pemba. Kuanzia mwaka 2002 watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa. Waliopewa chuma na foliki walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Malaria ilikuwa nyingi wakati huo. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walifaidika. Kidonge ni kile kile, tofauti ni nani anapungukiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria.

Basi nani anafaidika? Wa kwanza ni mwenye nia ya kushika mimba: mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, aanze kabla, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, wakati wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Mjamzito ameze vidonge vya kliniki, chuma na foliki. Wengine ni mwenye hedhi nzito, mzee asiyekula vizuri, asiyekula nyama, samaki wala maziwa, na anayetumia metformin miaka mingi, ambaye anaweza kupungukiwa B12. Sisi tunaojistiri na kushinda ndani, tuulize pia kuhusu vitamini D.

Ukinunua, soma kibandiko. Angalia kama kile unachokihitaji kimo, na tarehe ya mwisho. Mjamzito asimeze vitamini A nyingi, inaweza kumdhuru mtoto. Kidonge cha ganda laini mara nyingi kina jelatini, na inaweza kuwa ya nguruwe, kwa hiyo uliza. Chuma usikimeze na chai. Kiweke mbali na watoto, wakimeza vingi vinaua.

Na anayepata mchicha, kisamvu, dagaa, kunde na chungwa lake, na hana upungufu wowote, fedha zake azipeleke sokoni.

Mteja wangu nilimwambia hivi: mimi sikati kitambaa kabla sijakupima. Nenda kapime damu kwanza. Amekwenda. Kopo amelifunga, anasubiri majibu.