Ndege ndogo ya kuchezea iliyonunua ndege ya vita

Juzi kambini niliona mtoto akikimbia na ndege aliyoitengeneza kwa mkebe wa sardini. Mkubwa wake akamwambia hiyo ni ya mabomu. Mtoto akakataa: "Hapana, hii ni ndeke ya kuleta bunga." Nikakumbuka habari ya ndege nyingine ya kuchezea, ya Uingereza, ambayo kwayo watoto waliisaidia vita bila kutoka nyumbani.

Mjini Liverpool, barabara ya Binns Road, kulikuwa na kiwanda cha Meccano, kilichoanzishwa na Frank Hornby. Kuanzia mwaka 1934 kiliuza magari na ndege ndogo kwa jina la Dinky Toys. Ndege hizo zilitoshea kiganjani. Hazikufuliwa kwa nyundo: zinki iliyochanganywa na metali nyingine iliyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutoka na umbo kamili. Zinki hiyo ni jamaa ya ile ya Kipushi, kule Katanga, ingawa sisemi kwamba ilitoka kwetu.

Mwaka 1940 Wajerumani walikuwa wanaipiga Uingereza kutoka angani. Waziri wa utengenezaji wa ndege, Lord Beaverbrook, akawaomba raia wachange pesa za kununua ndege za kivita aina ya Spitfire. Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni 5,000 kwa ndege moja, ingawa gharama ya kweli ilizidi hapo. Ili hata maskini aone ana sehemu yake, kila kipande kilipewa bei: ribiti moja ilikuwa peni 6. Mtu alitoa peni zake, akarudi nyumbani akijua ribiti yake iko angani.

Wakati huo Meccano ikatoa Spitfire ndogo yenye kipete, mtu aivae kama kidani, na mapato yakaenda kwenye mfuko huo. Hapa ndipo mimi husimama kidogo. Mtoto ananunuliwa ndege ya kuchezea, na pesa yake inageuka kuwa ndege inayoua na kuuawa. Siwahukumu, maana mabomu yalikuwa yanaanguka juu ya paa zao, na Liverpool yenyewe ilipigwa sana. Lakini ni mtoto aliyelipa.

Na hakulipa peke yake. Mchango ulitoka pia Afrika. Watu wa Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, nchi ya wafugaji chini ya ukoloni, walitoa pesa za Spitfire, hata kikosi namba 72 cha jeshi la anga la Uingereza kikapewa jina la Basutoland. Ndege ilibeba jina lao. Rubani hakuwa wao.

Kisha vita ikala na hiyo ndege ndogo. Metali ilitakiwa kwa silaha, hivyo serikali ikakataza kutengeneza vitu vya kuchezea vya metali kuanzia tarehe 1 Januari 1942, na kuviuza baada ya tarehe 30 Septemba 1943. Kiwanda kikafanya kazi za jeshi. Watoto wakabaki na zile za zamani, rangi ikibanduka, mabawa yakivunjika.

Leo watu wazima wanazitafuta kwa bei kubwa, na adui wao mkubwa ni mdogo sana. Zinki ya miaka ile ikichafuliwa na risasi kidogo tu (naisema metali ile nzito, si ya bunduki), ndege huanza kupasuka yenyewe. Inavimba, bawa linapinda, kisha inabomoka kama biskuti, na unyevu huharakisha. Ndege ambayo haikuguswa na bomu lolote inakufa ndani ya kabati la kioo.

Kwa hiyo mnunuzi wa Spitfire ile ya kuvaliwa huitazama kwanza kama ina nyufa. Halafu anauliza sanduku lake, na kama kipete bado kipo. Mtoto aliyeivaa shuleni kila siku, sanduku alilitupa siku ya kwanza.