Watu wa Gosha: Kutoka Uzigua hadi Lewiston

Mtu akisimama ufuoni Moa, wilayani Mkinga, wakati maji yametoka na madema yameanikwa penye mikoko, akawauliza wazee wa Kisegeju habari za asili yao, aghalabu ataambiwa kwamba wao walitoka Shungwaya, kaskazini, upande wa mto Juba, wakashuka pwani hii kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Wareno nao waliwataja Wasegeju karibu na Malindi mnamo mwaka 1589, walipounusuru mji ule na jeshi la Wazimba. Kisha wakasogea hata Vanga, Moa na Boma, wakaoana na Wavumba na Wadigo, na leo wengi wao husema Kidigo majumbani mwao. Mkataba wa Waingereza na Wadachi wa 1886 uliupitisha mpaka penye mlango wa mto Umba, ndugu wa baba mmoja wakawa huku na wengine kule. Lakini sijapata kusikia Msegeju wa Moa akiambiwa arudi Shungwaya kwao.

Nayakumbusha haya kwa sababu mkoa huu huu wa Tanga ulitoa kaumu nyingine iliyoishika njia ile ile kwa kuelekea kaskazini, nayo haikupata bahati hiyo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwashukia Wazigua, na wengi wakapakiwa majahazini, hawa kwa kutekwa, wale kwa kuuzwa, na wengine, kama wanavyohadithia wajukuu wao, kwa kughilibiwa kuwa wanapelekwa penye kazi na chakula, hata wakajikuta Barawa, Marka na Mogadishu, watumwa katika mashamba ya bonde la Shabelle. Baadaye kundi lao lilitoroka, likiongozwa na mwanamke mwenye uaguzi aliyeitwa Wanakhucha, likaingia msitu wa Gosha kando ya Juba, mahali ambapo mbung'o waliwazuia wafugaji wasilete ng'ombe wao. Wakafyeka, wakapanda mahindi, na hapo wakajumuika na Wayao, Wamakua na Wanyasa waliotoroka utumwa kama wao. Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa, wao walikwisha jikomboa kwa miguu yao wenyewe.

Walisilimu, wengi wao wakajiunga na koo za Kisomali, na vijiji vingi vikasahau lugha za asili, ila wale wa upande wa kusini walioshikilia Kizigua chao hata leo. Pamoja na hayo yote hawakuacha kuitwa jareer, wenye nywele ngumu, na kufikiriwa watu wa chini. Na dola ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka mwezi wa Januari 1991, wenye bunduki walikwenda moja kwa moja kwenye maghala yao, kwani wakulima hawa walikuwa na nafaka na hawakuwa na ukoo wenye nguvu wa kuwalipia kisasi. Maelfu walikimbilia Dadaab, nchini Kenya. Wengine walipanda vyombo, wakafika mkoa wa Tanga, wakawekwa kambi ya Mkuyu, Handeni.

Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea watu kama 12,000 katika hawa wa Kenya, na safari zikaanza 2003. Baada ya miaka michache wengi walihamia Lewiston, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Maine, ambao viwanda vyake vilikuwa vimefungwa na nyumba za kupanga zimebaki tupu. Mji wenyewe ulijengwa na wahamiaji, Wakanada wasemao Kifaransa walioletwa na kazi za viwandani katika karne ya kumi na tisa. Na wao pia walidharauliwa kwa lugha yao na dini yao ya Kikatoliki, hata jimbo likapitisha sheria mwaka 1919 kuwa masomo katika skuli za serikali yafundishwe kwa Kiingereza. Ungedhani wajukuu wa watu hao wangekuwa wa kwanza kumfungulia mgeni mlango. Baadhi yao walifungua. Lakini mnamo Oktoba 2002 meya wa mji aliwaandikia barua Wasomali waliotangulia, akiwataka wawazuie wenzao wasije tena, na Januari iliyofuata kikundi cha wapenda ubaguzi kikaja kufanya mkutano, kikashindwa kwa idadi na maelfu ya wenyeji waliokusanyika siku hiyo hiyo kuwapinga.

Bibi Catherine Besteman, mwanachuoni wa anthropolojia, alikuwa amekaa katika kijiji kimoja cha bonde la Juba mnamo 1987 na 1988, na vita vilipoingia hakujua nani kapona. Mwaka 2006 akawakuta watu wa kijiji kile kile Lewiston, safari ya saa moja hivi kutoka chuo alichosomesha. Walipoonyeshwa picha za zamani walizitambua sura moja moja, na aghalabu jina lilifuatiwa na habari ya kifo. Kwa watu hao Marekani ilikuwa na mambo mawili yasiyolingana. Mzee aliyelima maisha yake yote bila kuingia darasani alitakiwa, ili awe raia baada ya miaka mitano, afanye mtihani wa Kiingereza na wa tarikhi ya nchi. Lakini mjukuu wake aliyezaliwa pale alikuwa raia tangu siku ya kuzaliwa, kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1868, yaliyotungwa hasa ili Wamarekani weusi waliotoka utumwani wasiweze kukanwa tena. Hao wazee sasa wana mashamba yao huko, na miongoni mwa wanayopanda ni mahindi ya kusaga unga.

Wale wa Mkuyu walihamishiwa Chogo, Handeni hiyo hiyo, mwaka 2003, na kufikia 2009 serikali ya Tanzania ilikuwa ikiwakabidhi hati za uraia. Ilikuwa ihsani kubwa, na mataifa machache yamefanya mfano wake. Hata hivyo walipewa kwa tajnisi, kama apewavyo mgeni yeyote. Bunge la Tanganyika lilipoijadili sheria ya uraia mnamo Oktoba 1961, walikuwapo wabunge waliotaka rangi iwe sharti, na Mwalimu Nyerere akawapinga vikali hata akawa tayari kuondoka madarakani. Sheria ikatazama mahali pa kuzaliwa mtu na mzazi wake, wala si nasaba. Kwa kipimo hicho Mhindi wa Tanga aliyezaliwa hapa na mzazi wa hapa aliamka raia tarehe 9 Desemba, siku ya uhuru, bila kuomba, ilhali Mzigua wa Juba, ambaye jirani yake wa Handeni alimwelewa kwa Kizigua, ilimlazimu aombe. Mimi naona Bunge lilifanya sawa, na naona pia kwamba mtu huyo wa Juba alikuwa na haki ya kushangaa.