Herufi mbili kwenye ripoti ya mama, na majina yaliyo nyuma yake (Sehemu ya 6)

  

Wiki iliyopita dada mmoja alinitumia ujumbe pembeni. Ameniruhusu nieleze bila kutaja jina. Mama yake amekutwa na saratani ya titi. Wakachukua kinyama, kikapimwa, na majibu yamerudi yameandikwa ER na alama ya kujumlisha. Daktari akasema, "Hiyo ni afadhali," akamwandikia tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Dada akaniuliza: "Nesi, afadhali kwa vipi? Na nani aliyejua kwamba ni afadhali?"

Swali la kwanza nimezoea kulijibu. La pili sikuwahi kuulizwa tangu nianze kuvaa sare nyeupe. Nikarudi kusoma. Leo nawaletea nilichokipata, na mtaona kwa nini kimenigusa.

Tuanze na maziwa, maana hapa ni ukumbi wa akina mama. Huko Scotland, mji wa Glasgow, kulikuwa na daktari wa upasuaji, George Beatson. Alipokuwa kijana aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya utokaji wa maziwa kwenye titi. Katika kusoma kwake akakuta kwamba kuna wafugaji waliokuwa wanamtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yaendelee kutoka kwa muda mrefu. Akajiuliza: kumbe ovari, kiungo kilicho mbali kule chini ya tumbo, kinalitawala titi? Na kama kinalitawala titi zima, je, hakitawali na uvimbe wa titi? Mwaka 1896 akaandika kwenye jarida la Lancet habari za wanawake wenye saratani iliyosambaa aliowatoa ovari, na uvimbe ukapungua. Wakati huo neno homoni lilikuwa halijaanza hata kutumika.

Shida ni kwamba haikuwasaidia wote. Wengine walipojaribu upasuaji huo waliona unafuu kwa kama mwanamke mmoja kati ya watatu. Wawili waliobaki walikatwa tumbo bure, na hakuna aliyeweza kujua mapema nani ni nani. Hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka sabini. Fikiria wewe ndiye uliyelala kwenye kile kitanda.

Sasa twende Chicago. Elwood Jensen alikuwa mwanakemia, si daktari. Miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini kwamba estrojeni ikifika kwenye mfuko wa uzazi inabadilishwa na vimeng'enya, na kwamba katika kubadilishwa huko ndiko inakofanya kazi. Kila mtu alikuwa anatafuta vimeng'enya. Jensen akageuza swali. Badala ya kuuliza estrojeni inaufanya nini mwili, akauliza mwili unaifanya nini estrojeni. Alikuwa mpenda milima, na mwenyewe alisimulia kwamba wazo la kupita njia nyingine lilimjia kutokana na mlima Matterhorn, ambao ulipandwa kwa mara ya kwanza baada ya watu kuacha upande uliokuwa unawashinda na kujaribu upande mwingine.

Yeye na mwenzake Herbert Jacobson wakatengeneza estrojeni yenye mionzi kidogo, wakitumia haidrojeni ya aina inayoitwa tritiamu. Maana yake ni kwamba waliiwekea alama, kama unavyofunga uzi mwekundu kwenye mguu wa kuku wako ili umjue akichanganyika na wa jirani. Wakawachoma panya jike wachanga kiasi kidogo sana, kile kile ambacho mwili unakitumia kweli, halafu wakafuata alama. Kwenye misuli na damu estrojeni ilipita ikaondoka. Kwenye mfuko wa uzazi ilibaki, saa baada ya saa. Na ilikuwa ile ile, haijabadilishwa chochote. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya seli za pale kinachoidaka na kuishikilia. Kitu hicho ndicho tunakiita leo kipokezi cha estrojeni. Herufi E na R kwenye ripoti ya mama ndizo hizo.

Mwaka 1958 Jensen akaenda Vienna kuyatangaza haya kwenye mkutano mkubwa wa wanabaiolojia kemia. Ukumbini walikuja watu watano, na watatu kati yao walikuwa wasemaji wenzake waliokuwa wanangoja zamu! Saa ile ile, ukumbi mwingine wenye mada ya estrojeni na vimeng'enya ulikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Mimi ningefunga begi nikarudi nyumbani. Yeye aliendelea, na mwaka 1962 yeye na Jacobson wakachapisha makala ndefu ambayo watu wanairejea hadi leo.

Kufika mwaka 1971 kundi lake, akiwemo Eugene DeSombre, likaonyesha kile ambacho Beatson alikikosa: uvimbe wenye vipokezi vingi ndio ambao kwa kawaida husinyaa ukinyimwa estrojeni, na usio na vipokezi mara nyingi hausikii. Yule mwanamke mmoja kati ya watatu akaanza kuonekana kabla ya kisu. Ndo maana daktari alisema "afadhali". Saratani yenye vipokezi ina mlango ambao tunajua kuuziba.

Na sasa kidonge chenyewe. Hapa ndipo niliposimama nikaweka kikombe cha chai chini.

Tamoksifeni ilitengenezwa mwaka 1962 kwenye maabara za kampuni ya ICI, eneo la Cheshire, Uingereza. Hawakuwa wanatafuta dawa ya saratani hata kidogo. Walikuwa wanatafuta kidonge cha kunywa baada ya tendo ili kuzuia mimba. Kwa panya kilizuia vizuri. Kwa wanawake kikafanya kinyume, kikaamsha mayai! Kama uzazi wa mpango, kilishindwa kabisa. Mkuu wa utafiti huo, Arthur Walpole, ndiye aliyesukuma kijaribiwe kwa saratani ya titi. Mwaka 1971 daktari Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie, Manchester, wakatoa matokeo ya wanawake 46 wenye saratani iliyokomaa, na 10 kati yao walipata nafuu ya kuonekana, bila ile adha ya dawa za zamani.

Lakini nani aliyekipika? Mkono uliokitengeneza ulikuwa wa mwanakemia Dora Richardson. Kazi haikuwa rahisi. Kiini hicho hutoka kwa maumbo mawili: atomi ni zile zile, ila zimepangwa pande tofauti. Umbo moja linaizuia estrojeni, jingine linafanya kazi kama estrojeni. Ukiyachanganya umempa mgonjwa dawa na adui wa dawa kwenye kidonge kimoja. Ilibidi yatenganishwe na kutambuliwa lipi ni lipi.

Mwaka 1966 jarida la Nature lilichapa makala mbili juu ya jambo hilo. Moja ilikuwa ya kemia, jinsi maumbo hayo yalivyotengenezwa na kutambuliwa, na humo jina la Richardson lipo. Nyingine ilieleza maumbo hayo yanafanya nini kwenye mnyama, na majina yake ni Harper na Walpole tu. Sasa wewe ni daktari wa saratani miaka kumi baadaye, unaandika makala yako. Utarejea ipi? Ya mnyama, bila shaka. Ya kemia unaiachia wanakemia. Na atakayekuja baada yako atafuata rejea zako, na wa tatu atafuata zake.

Kuna mtu aliyeifanya njia hii ya rejea kuwa kitu cha kuhesabika: Eugene Garfield wa Philadelphia. Mwaka 1955 alipendekeza, na mwaka 1964 akaanza kuuza rasmi, faharasa kubwa inayoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi zilizofuata. Wazo alilichukua kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na vitabu vya kuonyesha kila hukumu imetajwa wapi tena. Ni chombo kizuri. Kwa njia hiyo unaweza kutoka kwenye ripoti ya mama yako ukarudi hatua kwa hatua hadi Chicago. Ila kinahesabu waliotajwa. Aliyeosha chupa, aliyepima, aliyekesha, kama jina halikuandikwa mwanzoni, chombo hakimjui.

Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton aliandika makala maarufu akieleza kwamba mwenye jina kubwa huongezewa sifa na mwenye jina dogo hunyang'anywa hata kile kidogo, akaiita hali hiyo kwa jina la Injili ya Mathayo. Na mtaniamini? Sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kwenye mahojiano yaliyofanywa na Harriet Zuckerman. Jina lililokaa juu ya makala ni la Merton peke yake. Miaka mitano baadaye alikiri kwa maandishi kwamba walistahili kuwa waandishi wawili. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter akatoa jina jingine, la Matilda, kwa hali hii inapowapata wanawake.

Nisiwadanganye kwamba nimesoma haya kwa moyo baridi. Zamani kidogo, kwenye hospitali nisiyoitaja, tulifanya utafiti wa presha kwa wajawazito. Miezi kumi na moja nilijaza fomu usiku kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Mimi ndiye niliyewabembeleza akina mama wakubali, mimi ndiye niliyewafuata wale walioacha kuja. Makala ilipotoka nikaitafuta. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika wanawashukuru "wauguzi wa wodi". Nililia? Kidogo. Nikaingia zamu.

Dora Richardson alifanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya. Mwaka 1980 aliandika mwenyewe historia ya dawa ile, kwa matumizi ya ndani ya kampuni. Humo anaeleza jinsi mwaka 1972 wakubwa walivyokaribia kuifuta kazi nzima, na Walpole akatishia kujiuzulu. Karatasi hizo zilikaa gizani miaka mingi kabla wanahistoria hawajazipata. Jensen yeye alipewa tuzo ya Lasker mwaka 2004, akiwa na miaka 84.

Sasa nirudi kwa dada yangu na wengine mlio na mgonjwa nyumbani. Tamoksifeni inaizuia estrojeni kwenye titi, lakini kwenye mfuko wa uzazi inaweza kufanya kama estrojeni. Kwa hiyo mama aliyekoma hedhi akiona damu ukeni, hata tone, asingoje kliniki ya mwezi ujao, aende. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Na ninyi vijana: dawa hii haizuii mimba, kumbuka ilishindwa kazi hiyo, na mtoto tumboni inaweza kumdhuru. Tumieni kinga isiyo na homoni, kondomu au kitanzi cha shaba. Anayenyonyesha azungumze na daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Jana usiku dada kaniandikia tena. Mama ameanza Jumatatu, anakimeza baada ya chai ya asubuhi, na amemwambia mjukuu amwandikie kwenye daftari jina la yule mama wa Uingereza aliyekitengeneza. Mjukuu kaandika "Bibi Dora".