Jeni hupandikizwaje katika mimea, na suala hilo lawahusu vipi wakazi wa Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, chakula hununuliwa, hakilimwi. Unga hutoka dukani kwa pakiti ya kilo 2, au mahindi hupimwa kwa gorogoro na kupelekwa kwenye kinu cha posho. Viazi vitamu vya kiamshakinywa hutoka kwa mama mboga. Ndiyo maana mjadala kuhusu mimea iliyobadilishwa jeni, maarufu kama GMO, una uzito wa aina yake kwa wakazi hao. Mkulima wa Kitale anaweza kuikataa mbegu asiyoitaka. Mnunuzi wa Kayole hupokea matokeo ya uamuzi uliokwisha kufanywa na wengine maabarani, serikalini na mahakamani.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kuunda protini fulani ndani ya seli. Tangu zamani wakulima wamekuwa wakichanganya jeni kwa kuchavusha mmea mmoja kwa mwingine na kuchagua mbegu bora. Njia hiyo huchanganya maelfu ya jeni kwa mkupuo, tena kati ya mimea yenye ujamaa wa karibu. Uhandisi wa jeni huchukua jeni moja au chache, hata kutoka kwa kiumbe asiye na nasaba yoyote na mmea huo, na kuzipachika humo.

Mtaani jina GMO hubandikwa kitu chochote kikubwa kupita kiasi, iwe nyanya, embe au kuku. Hilo si sahihi. Mahindi chotara kama H614 yalipatikana kwa uchavushaji wa kawaida, na migomba inayooteshwa kutokana na tishu maabarani haijaongezwa jeni ngeni.

Chombo kikongwe zaidi cha kazi hii si mashine bali ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens. Kwa desturi yake, bakteria huyo huingia penye jeraha la mmea na kupenyeza kipande cha DNA yake katika DNA ya mwenyeji, na mmea huota uvimbe unaomlisha mgeni. Wanasayansi waliziondoa jeni za uvimbe, wakaweka mahali pake jeni waliyoitaka, na mwizi akageuzwa kuwa tarishi. Mimea ya kwanza kubadilishwa kwa njia hiyo ilitangazwa mwaka 1983.

Nafaka, hata hivyo, zilikuwa kaidi. Katika miaka hiyo ya themanini, John Sanford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibuni bunduki ya jeni. Chembe ndogo mno za madini ya tungsten, na baadaye dhahabu, hupakwa DNA na kufyatuliwa kwa kasi hadi zikapenya seli za mmea. Majaribio ya mwanzo yalifanyiwa vitunguu. Ni njia ya kubahatisha, kwani seli nyingi hufa na jeni hutua popote. Lakini ndiyo iliyozaa mahindi ya MON810, yenye jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis, au Bt kwa kifupi, inayounda protini iliyo sumu kwa viwavi watoboao mabua. Nchini Kenya mahindi hayo yamefanyiwa majaribio Kiboko na Kitale.

Kwa njia yoyote ile, seli zinazoikubali jeni huwa chache. Huchujwa kwa kutumia jeni ya alama, kwa kawaida ile inayoiwezesha seli kustahimili dawa inayoziua nyingine, kisha zilizosalia hukuzwa katika vyombo vya maabara hadi ziwe miche kamili.

Hapo ndipo kazi ngumu huanza, na Kenya ilijifunza hilo mapema kupitia viazi vitamu. Mwaka 1991 mwanasayansi Mkenya, Dkt Florence Wambugu, alikwenda Marekani kufanya utafiti katika maabara za kampuni ya Monsanto kwa ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya (KARI). Nia ilikuwa kukikinga kiazi dhidi ya virusi vya madoadoa vinavyoenezwa na vidukari, kwa kukipa jeni ya ganda la virusi hivyo. Mradi huo ulisifiwa kote duniani kuwa mkombozi wa mkulima mdogo, na majaribio ya shambani yalizinduliwa mwaka 2000. Mapema mwaka 2004 ikajulikana kwamba viazi hivyo havikuwa na kinga iliyotarajiwa.

Sababu yake ni muhimu kuliko kashfa iliyofuata. Jeni iliyotumiwa ilitokana na virusi vya Marekani, ilhali mashamba ya Kenya yana aina zake. Zaidi ya hayo, ugonjwa unaoangamiza viazi vitamu Afrika Mashariki huletwa na virusi vya aina mbili vikishirikiana, vile vya vidukari na vingine vinavyoenezwa na nzi weupe. Jeni ilikuwa imeingia barabara. Adui ndiye aliyekosewa.

Mradi wa muhogo uliofuata ulijengwa kwa uangalifu zaidi. Muhogo uitwao 4046 ulipewa vipande vya jeni za virusi vyote viwili vinavyosababisha ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ukajaribiwa Kenya na Uganda, ikiwemo Mtwapa na Kakamega. Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA) iliuidhinisha uingie katika hatua ya majaribio ya kitaifa.

Mbinu mpya zaidi, CRISPR, iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, huikata DNA mahali palipolengwa badala ya kubahatisha. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, watafiti wakiongozwa na Profesa Steven Runo wameitumia kuhariri jeni ya mtama iitwayo LGS1. Mbegu za gugu la kiduha, linalowasumbua wakulima wa Nyanza na Magharibi, huota zikinusa kemikali ya mizizi ya mtama. Jeni hiyo ikizimwa, mizizi hutoa kemikali tofauti na mbegu nyingi za gugu husalia usingizini. NBA ilitoa mwongozo wa uhariri wa aina hii mwaka 2022, na zao ambalo halijabakiwa na jeni ngeni linaweza kuondolewa chini ya masharti ya GMO.

Kwa upande wa sheria, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia sahihi Mkataba wa Cartagena mwezi Mei 2000, na Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ikapitishwa mwaka 2009. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, miezi miwili baada ya utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kudai kuwa panya waliolishwa mahindi hayo walipata uvimbe. Jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka 2013, kwa kuwa panya walikuwa wachache na wa jamii inayopata uvimbe kwa urahisi. Marufuku ilibaki. Mwaka 2016 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilisema hazikuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni vina hatari zaidi ya vingine. Hoja za wapinzani kuhusu umiliki wa mbegu na ushindani wa mahindi ya kigeni ni suala jingine, na haziwezi kujibiwa kwa panya.

Pamba ya Bt iliidhinishwa Desemba 2019. Oktoba 3, 2022, serikali ya Rais William Ruto iliondoa marufuku ya chakula, na kesi zikafuata papo hapo. Mahakama Kuu ilitupilia mbali pingamizi Novemba 2024, lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa iliamuru utekelezaji usimame hadi rufaa isikilizwe.

Kanuni za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya viambato vya GMO kiandikwe hivyo. Pakiti ya unga ina mahali pa kuandikwa; gorogoro haina. Mahindi yakishamwagwa katika kinu cha posho, hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuyatofautisha. Kinachoweza ni kipimo cha DNA maabarani.