Mabadiliko Tangulizi ya Saratani na Protini ya p16

Mabadiliko tangulizi ya saratani ni hali ya seli zilizoacha kukua kwa utaratibu wake, ila bado hazijapenya nje ya utando zilimozaliwa. Kwenye shingo ya kizazi, chanzo chake karibu kila mara ni virusi vya papiloma. Aina ya 16 na ya 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mahali hapo. Wako wanaoyaita mabadiliko haya “vidonda tangulizi”. Jina hilo linapotosha, na madhara yake si madogo: hakuna kilichochubuka wala kinachouma, na mwanamke anayeambiwa ana kidonda asichokihisi anaweza asione haja ya kurudi kliniki. Kilichoharibika hasa ni mzunguko wa seli, yaani hatua za seli kukua, kunakili DNA yake na kugawanyika kuwa mbili.

Kabla ya kunakili DNA, seli huzuiwa na protini ya Rb, ambayo huishikilia protini nyingine, E2F, isiamshe jeni za kazi hiyo. Vimeng'enya CDK4 na CDK6 vikiitia Rb fosfeti, E2F huachiwa. Protini ya p16, iliyoelezwa mwaka 1993, huvidhibiti vimeng'enya hivyo; ni breki ya seli. Ajabu ni kwamba katika mabadiliko haya breki hiyo hujaa tele na seli haisimami. Protini ya kirusi iitwayo E7 huikamata Rb yenyewe na kusababisha ivunjwe, hivyo hata vimeng'enya vikizuiwa vyote, E2F imeshakuwa huru. Na kwa kuwa Rb ilikuwa ikisaidia kupunguza utengenezaji wa p16, ikitoweka p16 huzidi kuzalishwa. E6, mwenzake E7, huiangamiza protini ya p53, ambayo ingeiamuru seli iliyoharibika ijiue.

Kwa sababu hiyo p16 hutumika kama kiashiria cha mabadiliko haya. Kinyama kilichokatwa kwenye shingo ya kizazi kikitiwa kingamwili inayoitambua, seli zenye mabadiliko makubwa hugeuka kahawia mfululizo, kuanzia tabaka la chini kwenda juu, kwenye kiini na kwenye saitoplazimu. Madoa yaliyotawanyika hapa na pale hayahesabiwi.

Katika seli zilizokwanguliwa kwenye shingo ya kizazi, p16 hutafutwa pamoja na Ki-67, protini ya seli zilizo katika mzunguko. Kwa kawaida hizi mbili hazikai pamoja, maana p16 ikipanda mgawanyiko hukoma. Zikionekana ndani ya seli moja, shingo ya kizazi huchunguzwa kwa kolposkopi, yaani hutazamwa kwa chombo cha kukuza.