Pembe ya Babu na Honi ya Meli

Pembe ya babu yangu ilining'inia juu ya mlango wa nyumba yake, Butiama, na sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa. Ilikuwa pembe ya fahali. Ikilia usiku, ng'ombe wameibwa, na kila mwanamume aliyeisikia alitoka na upinde wake bila kuuliza. Mkoani Mara wizi wa mifugo umemwaga damu nyingi, na yowe la mtu mmoja halifiki mbali.

Filimbi ilikuwa yetu wachungaji. Tulikata tete mtoni, tukalikwangua ndani kwa kijiti, tukatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Kwamba tete fupi hulia sauti nyembamba na refu hulia nzito, hilo kila mtoto alilijua. Sababu yake niliielewa nilipokuwa mwalimu wa fizikia Bunda, huku filimbi ile ile ikiwa mezani mbele ya wanafunzi.

Pumzi ikigonga ukingo wa tete hupepesuka, mara iingie ndani, mara itoke nje, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Hewa iliyomo ndani hutikisika pamoja nayo, na urefu wa tete ndio unaopanga mwendo. Tete la sentimita 50, lililo wazi huku na huku, hutikisa hewa kama mara 340 kwa sekunde. Likate katikati, mitikisiko inakuwa maradufu. Kufungua tundu kwa kidole ni kulifupisha tete bila kisu.

Pembe haina ukingo wa kukata pumzi. Babu alitoboa tundu ubavuni, karibu na ncha, akaibana midomo yake hapo hadi ikatetemeka yenyewe kwa nguvu ya pumzi. Midomo ndiyo iliyozaa sauti. Pembe, kwa jinsi inavyopanuka, iliikuza na kuitupa mabondeni. Akitaka sauti ya juu zaidi, alikaza midomo.

Kisha nikaisikia MV Victoria. Meli hiyo ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ikizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Mara ya kwanza ilipopiga honi nikiwa gatini Musoma, nilimshika babu mkono, nikidhani kuna hatari. Yeye alitulia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo nayo ni pembe." Alisema kweli. Katika honi kama ile hewa iliyoshindiliwa hutetemesha kiwambo cha chuma badala ya midomo, na mdomo wake mpana huitupa sauti majini.

Litungu, ala ya Wakurya yenye nyuzi 8, limesifiwa sana, na linastahili. Vyombo vyetu vya pumzi havikupata bahati hiyo. Siku hizi mgambo wana kipenga cha plastiki, na taarifa ya wizi hutolewa kwa simu. Babu alipofariki niliishusha pembe yake nikaipuliza: pumzi tupu. Wadudu walikuwa wameitoboa, na pembe inayovuja hailii. Wala sikuwahi kumwomba anifundishe midomo inavyobanwa.

Ndugu yangu wa Mara, kama kwenu ingalipo pembe ukutani, iteremshe wiki hii, umpelekee mzee anayejua kuipuliza, ukae naye mpaka midomo yako iweze.